Msilaumu kifo cha Tris, laumuni sauti ya pili

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa vitabu umelirudia lalamiko ambalo halijazeeka tangu tarehe 22 Oktoba 2013, siku Allegiant ilipoingia madukani Marekani. Wanasema Veronica Roth aliuharibu mfululizo wake wote kwa kumuua Tris, mhusika wake mkuu, katika kitabu cha 3 na cha mwisho. Lalamiko hilo limebisha mlango usio wake. Kifo cha Tris ndicho kitu kilichoandaliwa vizuri kuliko vyote katika vitabu hivyo. Kilichovunjika kiko nyuma ya kifo hicho, katika mamia ya kurasa zinazokitangulia, na kinaonekana kabla hujasoma sentensi ya kwanza. Kiko juu ya sura, pale palipoandikwa jina la msimulizi.

Anayepanga kuisoma riwaya hiyo na hataki kuujua mwisho aruke barua hii. Ingawa makala yenu iliutoa mwisho huo kwenye kichwa cha habari, kwa herufi nene, kwa hiyo sidhani kama kuna aliyesalimika.

Kwa ambao hawakuufuatilia mfululizo, maneno machache. Ni riwaya za distopia, yaani za jamii ya baadaye inayojidai imekamilika kumbe imeoza ndani. Mji ni Chicago, umezungushiwa uzio, na watu wake wamegawanywa katika makundi 5: wanaojinyima, wapenda amani, wasema kweli, majasiri na wajuzi. Kijana akitimiza miaka 16 huchagua kundi, na akichagua jingine anaiacha familia yake. Beatrice Prior, anayejiita Tris, anazaliwa kwa wanaojinyima na kuchagua majasiri. Siri yake ni kwamba hakai katika kundi moja, na watu wa namna hiyo wanawindwa. Divergent ilitoka 2011, Insurgent 2012, Allegiant 2013. Roth alianza kuandika kitabu cha kwanza akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, na kufikia cha mwisho mchapishaji wake, HarperCollins, alitangaza kuuza nakala 455,000 kwa siku moja. Mzigo wa matarajio haukuwa mdogo.

Sasa tukitazame kifo chenyewe kama fundi anavyotazama kiungo cha mbao. Kina ngazi 3. Katika kitabu cha kwanza mama yake Tris anapigwa risasi akimkinga, na baba yake naye anakufa akiwafungulia wengine njia. Hapo Tris anaona kujitoa mhanga kukifanywa na watu wanaojua wanachofanya. Katika kitabu cha 2 yeye mwenyewe anajisalimisha kwa Jeanine Matthews, kiongozi wa wajuzi, na anakaribia kuuawa kwa sindano, ila Peter, hasimu wake tangu mafunzoni, anaibadilisha dawa. Kujitoa kule kulikuwa na kasoro, na kitabu kinaionyesha: Tris alikuwa amebeba hatia ya kumuua rafiki yake Will, pamoja na msiba wa wazazi, na nusu ya sababu yake ilikuwa kutaka kupumzika. Anapokaribia kufa ndipo anagundua anataka kuishi. Katika kitabu cha 3 anayetakiwa kuingia kwenye chumba chenye dawa ya kuua ni kaka yake Caleb, yule yule aliyemsaliti. Caleb amejitolea, lakini kwa hatia, kama dada yake alivyofanya kabla. Tris analitambua kosa hilo kwa sababu lilikuwa lake, na anaingia badala yake akiwa anataka kuishi.

Mwandishi hapangi ngazi kama hizo kwa bahati. Ukiondoa kifo hicho, kitabu cha kwanza kinabaki na swali lisilojibiwa. Swali lenyewe ni kama binti aliyeikimbia jamii ya wanaojinyima amebeba kitu chochote cha kwao.

Liko doa moja, nalo si dogo. Tris anaishinda dawa ya kuua, ndiyo hatari tuliyoogopeshwa nayo kwa sura kadhaa, halafu ndani anamkuta David, mkuu wa Taasisi, chombo kinachouendesha mji kama jaribio kutoka nje ya uzio, akiwa kwenye kiti cha magurudumu na bastola mkononi. Anapigwa risasi, na bado anafanikiwa kubonyeza kitufe alichokifuata humo. Hatari iliyoandaliwa inashindwa kuua, na hatari isiyoandaliwa inaua. Mimi huliita jambo hili kubadilisha silaha mlangoni, na dawa yake ni rahisi: sura 5 au 6 kabla, msomaji aonyeshwe David akiwa na desturi ya kwenda chumba kile peke yake, hata kwa mstari mmoja. Msomaji akikumbuka mstari huo wakati mlango unafunguliwa, risasi haitakuwa ajali tena.

Basi tuje kwenye sauti.

Vitabu 2 vya kwanza vinasimuliwa na Tris peke yake, nafsi ya kwanza, wakati uliopo. Allegiant inageuka. Sura zinabeba majina, Tris na Tobias kwa zamu. Tobias ni mpenzi wake, ambaye majasiri wanamwita Nne kwa sababu ana hofu 4 tu: kuwa mahali pa juu, kufungiwa, kumuua asiye na hatia, na baba yake Marcus. Mabadiliko haya yaliuza siri ya kitabu siku ya kwanza. Msomaji wa kawaida, hata wa miaka 14, hujiuliza kwa nini mwandishi aliyetosheka na msimulizi mmoja kwa zaidi ya kurasa 900 anaongeza wa pili mwishoni. Jibu linajileta lenyewe: ili abaki mtu wa kusimulia. Tris anakufa sura ya 50, na sura 6 zinazobaki pamoja na tamati anazichukua Tobias. Hesabu hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote aliyepekua vichwa vya sura.

Lakini siri kuvuja si msiba mkubwa. Utendi mzuri tunausikiliza tukijua nani atakufa. Msiba ni kwamba sauti hizo 2 ni moja. Tobias na Tris wana sentensi za urefu ule ule, tafakuri za aina ile ile mwishoni mwa aya, tashbihi zilizokatwa kwenye kitambaa kimoja. Wasomaji wengi wa Kiingereza wamekiri kwamba walilazimika kurudi juu ya sura kuangalia jina. Msomaji akifanya hivyo mara 3 ameshatoka ndani ya hadithi, na akirudi hawi na Tris kwa ukaribu ule wa mwanzo. Kwa hiyo anapofika sura ya 50 anamzika mtu ambaye ameanza kuisahau sauti yake. Uchungu anaousikia anauita hasira kwa mwandishi, na hakosei kuwa na hasira, ila ameielekeza kwenye risasi.

Kwa yeyote anayehariri mswada wenye wasimulizi 2, kuna kipimo cha gharama ndogo. Chukua kurasa 10, 5 za kila msimulizi, zisizofuatana. Futa vichwa vya sura, majina ya watu na ya mahali. Wape wasomaji 3 ambao hawajauona mswada na wasome kurasa 2 za kila sauti kwanza ili wazoee, kisha wabahatishe zilizobaki. Kwa kubahatisha tupu mtu hupata nusu. Wakishindwa kufika 5 kati ya 6, sauti hazijaachana, na kubadilisha msamiati hakutasaidia. Waandishi wengi hukimbilia huko: mmoja wanampa misimu, mwingine wanampa Kiswahili sanifu. Inadumu sura 4, kisha inasahaulika, au inageuka kichekesho.

Kinachotenganisha sauti ni kile ambacho mtu anakiona kwanza. Tris ni mfupi, alilelewa akijitazama kwenye kioo kwa nadra, akazoea kusoma nyuso za watu ili ajue wanahitaji nini. Tobias alipigwa na mkanda wa baba yake akiwa mtoto na kufungiwa kabatini. Mtu wa namna hiyo akiingia chumbani anaona mlango kwanza, anapima nani amekaa karibu nao, anajua dari iko juu kiasi gani. Nyuso anazifikia baadaye. Hofu zake 4 zilikuwa zana tayari mezani, zimetengenezwa tangu kitabu cha kwanza. Zingetumika katika kila sura yake, kila ngazi ingemgusa tumboni kabla hajasema neno, na tusingehitaji jina juu ya ukurasa. Tamati inathibitisha hilo. Miaka 2 na nusu baada ya kifo, Tobias anapanda jengo la Hancock na kuteleza kwa waya juu ya mji akimwaga majivu ya Tris. Ni kurasa chache, lakini ndipo sauti yake inasikika bila kubishaniwa, kwa kuwa anaogopa urefu na yuko juu. Waya ule ule Tris aliuteleza kwa furaha katika kitabu cha kwanza.

Wapo waliofanya kazi hii kwa nidhamu zaidi miaka ile ile. Marie Lu, katika Legend ya 2011, alianza na wasimulizi 2 tangu ukurasa wa kwanza, June na Day, hivyo kitabu cha mwisho kilipofika hakuna aliyeona kengele ya hatari kwenye majina. Toleo la kwanza la jalada gumu lilichapa sura za Day kwa wino wa rangi nyingine. Msaada wa kiwanda, lakini msaada. Ally Condie aliongeza ngazi kwa ngazi: msimulizi 1 katika Matched, 2 katika Crossed, 3 katika Reached ya 2012. Msomaji akishaona hesabu inapanda anaizoea. Roth alifanya 1, 1, 2, na hesabu hiyo ina maana moja tu.

Mtu atasema, kwa nini asingebaki na Tris mpaka mwisho? Suzanne Collins alibaki na Katniss, msichana anayesimulia mfululizo wake wa The Hunger Games, katika Mockingjay ya 2010, na gharama yake inajulikana. Kila kitabu chake kina sura 27, sehemu 3 za sura 9, na msimulizi ni mmoja tangu mwanzo. Lakini katika kitabu cha mwisho vita ni vya nchi nzima na Katniss ni mmoja. Peeta, kijana anayempenda, anaokolewa Katniss akiwa hayupo. Kesi ya Katniss inaamuliwa yeye mwenyewe akiwa amefungiwa chumbani, na habari analetewa mlangoni. Wasomaji walinung'unika kwamba mambo makubwa yanatokea nyuma ya pazia, na ni kweli. Ila malipo yanapokuja, yanakuja kwa mdomo tuliouzoea: Prim, mdogo wake, ambaye jina lake liliitwa kwa ajili ya michezo ya kuuana mwanzoni kabisa mwa kitabu cha kwanza na Katniss akajitolea badala yake, anakufa mwishoni mbele ya macho yake. Collins alichagua kupoteza matukio ili asipoteze sauti. Roth alichagua kinyume. Kwa maoni yangu Collins alilipa bei ndogo.

Ipo sababu iliyomsukuma Roth, na haki yake apewe. Kitabu cha 2 kinaishia kwenye video ya Edith Prior, mmoja wa wahenga wa Tris, inayosema mji ulifungwa makusudi na kwamba nje ya uzio kuna watu wanaosubiri. Mlango huo ukifunguliwa ukurasa wa mwisho wa kitabu cha 2, maelezo yote yanakuwa deni la kitabu cha 3. Wakati huo huo mji wenyewe una vita: Evelyn, mama yake Tobias, ameutwaa pamoja na wasio na makundi. Msimulizi mmoja hawezi kuwa nje ya uzio na ndani ya mji. Ndiyo maana mwishoni Tris yuko kwenye Taasisi na Tobias yuko mjini akimkabili mama yake. Mpangilio wa matukio uliomba mtu wa 2, na mwandishi akampa.

Lakini angalia deni hilo lilivyolipwa. Taasisi iko katika uwanja wa ndege wa O'Hare, na inaleta watu wapya 6 wenye uzito: David, Zoe, Matthew, Nita, na 2 tuliodhani wamekufa, Amar na George. Watu 6 katika kitabu cha mwisho ni wengi mno, kwa sababu msomaji wa kitabu cha mwisho hana nafasi ya kupenda mtu mpya. Amekuja kuwaaga wa zamani. Na watu hawa wanaeleza. Wanakaa, wanatembea kwenye korido, wanaeleza: serikali ya zamani ilijaribu kuondoa jeni mbaya katika watu, ikawaharibu, vikazuka vita, miji ikafungwa iwe maabara ya kuponya vizazi. Aliyepona anaitwa safi, asiyepona anaitwa aliyeharibika. Kwa mizani ya kazi, taarifa kama hii igawanywe angalau mara 3, na theluthi moja ingetangulia katika kitabu cha 2, katikati na si mwishoni, ili mtu apate muda wa kuizungusha kichwani akiwa bado mjini.

Kisayansi maelezo hayo nayo yana ufa. Ujasiri, ukatili au akili havikai kwenye jeni moja unayoweza kuing'oa kama jino. Ni jeni nyingi mno pamoja na malezi. Kitabu chenyewe kinalikaribia jambo hilo, maana Tris anaonyeshwa kwamba watu walikuwa wakiuana karne nyingi kabla ya jeni kuguswa. Hapo ndipo palikuwa na riwaya nzima, na inapita haraka.

Madhara makubwa ya maelezo hayo, hata hivyo, hayako kwenye sayansi. Kwa miaka 2 vijana walikuwa wamejichagulia kundi. Walijaza chemsha bongo mtandaoni, wakavaa rangi, wakabishana nani jasiri na nani mjuzi. Kitabu cha 3 kinawaambia makundi yale yalikuwa kipengele cha jaribio la maabara. Neno lililokuwa jina la kitabu cha kwanza, la watu wasiokaa katika kundi moja, linageuka majibu ya kipimo cha damu. Tobias anapimwa na kuambiwa hata yeye si mmoja wao. Hilo la mwisho ni zuri, ndilo lililokuwa na nguvu ya kumpa sauti yake, kwa sababu lilimvunja mtu. Mengine yalikuwa kama kumwambia mgeni katikati ya harusi kwamba bwana harusi ni mwigizaji.

Filamu ziliuonyesha ubovu huo kwa fedha. Divergent ya 2014 na Insurgent ya 2015 ziliingiza kila moja kati ya dola milioni 285 na 300 duniani. Kitabu cha 3 kikakatwa vipande 2, kwa kufuata Mockingjay ambayo vipande vyake vya 2014 na 2015 vilivuka milioni 600 kila kimoja. Kipande cha kwanza cha Allegiant, Machi 2016, kiliishia karibu milioni 179, na cha pili, kilichokuwa kimepewa jina la Ascendant na kupangiwa 2017, hakikupigwa kabisa. Walikata mahali pabaya. Nusu ya kwanza ya kitabu kile ndiyo nusu ya maelezo. Kifo, majivu na waya viko nusu ya pili. Matokeo yake ni kwamba kwenye sinema Tris hajafa mpaka leo. Waliotaka aishi wamepewa walichotaka, na ni mfululizo uliokatika bila mwisho.

Mhariri, barua imekuwa ndefu, lakini liko jambo linalotuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja, nalo halikuguswa kwenye makala. Mwandishi wenu alipendekeza vitabu hivi vitafsiriwe kwa ajili ya vijana wa sekondari. Sina ubishi na hilo. Ila atakayefanya kazi hiyo ajue kitabu cha 3 kitamtesa kuliko vile 2 vya kwanza pamoja, kwa sababu zisizokuwepo kwenye Kiingereza.

Majina kwanza, kwa haraka. Majina ya vitabu yanafanana mwisho wake kwa Kiingereza. Sisi tunao ufanano mwanzoni, kwa kiambishi cha ngeli. Mkengeukaji, Mwasi, Mtiifu yanakwenda vizuri mdomoni. La 3 ni lile lile tunalomalizia barua za kuomba kazi, na linafaa: kundi linalobeba jina hilo ni la wanaojiona watiifu kwa waasisi wa mji.

Tatizo la kweli ni yeye na yeye. Kiingereza kinataja jinsia kila kinapotumia kiwakilishi cha mtu mmoja anayezungumziwa, kwa hiyo msomaji wake aliyesahau nani anasimulia anaokolewa mstari wa 2 au wa 3: akishikwa mkono na mwanamume, msimulizi ni Tris. Kwetu "ananishika mkono" ni ananishika mkono tu. "Namtazama, ananyamaza, anageuza uso." Nani? Katika penzi la watu 2 wanaosimulia kwa zamu, kila sentensi ya mapenzi inaweza kuwa ya yeyote. Sauti ambazo kwa Kiingereza zilikuwa zimebanana, kwa Kiswahili zitaungana kabisa.

Mtafsiri ana nyenzo 3. Ya kwanza ni namna watu wanavyoitana. Tris anamwita mwenzake Tobias. Majasiri wengi wanamwita Nne. Caleb anamwita dada yake Beatrice. Jina litajwe katika sentensi 3 za kwanza za kila sura, hata kama Kiingereza kilitumia kiwakilishi. Ya pili ni hayo ya macho niliyokwisha kuyasema: mtafsiri hana ruhusa ya kuongeza milango na dari, lakini ana ruhusa ya kupanga sentensi ili mlango uliopo utangulie. Ya tatu ni urefu wa sentensi. Kiswahili kinavumilia sentensi ndefu yenye vitenzi 5 vinavyofuatana kuliko Kiingereza. Tris apewe sentensi zinazotiririka, Tobias akatiwe. Lazima aamue kabla ya sura ya kwanza na aandike uamuzi huo kwenye karatasi, kwa maana kazi ya miezi 8 husahaulisha.

Kisha njeo, yaani alama ya wakati ndani ya kitenzi. Vitabu vyote 3 viko wakati uliopo. Hadithi yetu ina mwendo wake: -li- inafungua, -ka- inakimbia. Nilifungua mlango, nikaingia, nikamkuta amekaa. Mtafsiri akikaa na -na- peke yake, kufikia ukurasa wa 40 inakuwa nanananana, na mkono utaanza kuteleza kwenda kwenye -li-. Katika kitabu cha kwanza hakuna atakayekufa kwa hilo. Katika cha 3 ni kosa la kuua. Kiambishi -li- ni ahadi: anayesema "nilipigwa risasi" alipona akatusimulia, la sivyo ni mzimu. Ukimsimulisha Tris kwa -li- hadi sura ya 49 halafu ukamuua ya 50, umemdanganya msomaji kisarufi, na hapo lalamiko la usaliti litakuwa la haki.

Basi ibaki -na-, lakini isibaki peke yake. Kiswahili kinaruhusu kitenzi cha kwanza kibebe njeo na vinavyofuata viingie kwa ku-: naingia, kufunga mlango na kuegemea ukuta. Kuna -ki- kwa yanayokwenda pamoja: namwona akija. Kuna -me- kwa kilichokwisha kutokea lakini kipo: amesimama, bastola ameishika. Kuna sentensi zisizo na kitenzi chenye njeo: mimi hapa, mlango ule pale. Mtafsiri akizitumia 4 hizi kwa zamu, aya ya mistari 12 haihitaji -na- zaidi ya mara 5 au 6, na msomaji hachoki.

Na afikapo sura ya 50, apunguze. Tris amepigwa risasi, kitufe amekibonyeza, mama yake aliyekufa anamjia. Hapo -na- zianze kupungua mstari kwa mstari na -me- zichukue nafasi: damu imelowa, mikono imepoa, mama amefika. Kisha sentensi zisizo na njeo kabisa. Sura ya 51 ni ya Tobias, aliye mbali na hajui kitu. Ifunguliwe kwa -na- kamili, tena neno la kwanza kabisa.

Wako mtiifu,

Mhariri wa miswada,
Dar es Salaam